Nyumba Niliyoipa Talaka

Mpaka leo wapo watu Temeke wanaosema kwamba nyumba yangu ilipasuka kwa sababu ilijengwa na mwanamke. Wengine wamezeeka nalo neno hilo, wanalitafuna barazani kama tambuu na hawalitemi. Nimechoka kuwajibu kwa mdomo, ndiyo maana nimeshika kalamu. Nyumba ilipasuka, hilo sikatai. Ilipasuka katikati, kutoka mlango wa mbele mpaka mlango wa uani. Lakini sababu ya kupasuka kwake ilikuwa chini ya ardhi, na mimi ndiye niliyelala kifudifudi nikatia mkono nikaishika. Waliobaki barazani wakipiga soga hawakuishika.

Miaka hiyo tulikuwa bado chini ya Mwingereza, na Temeke ilikuwa mikorosho, mashamba ya mihogo na nyumba za udongo zilizoanza kusogeleana. Mimi nilitokea Kariakoo, kwenye chumba cha kupanga, na nilikuwa nimeachwa. Talaka yenyewe ilikuwa moja, niliyopewa asubuhi kwa sababu ya chai iliyopoa, na kufika adhuhuri aliyeitoa alikuwa keshajuta. Mume wangu alikuwa na hasira za kibiriti. Zinawaka pa, zinazimika pa, na zikishazimika anataka kila mtu asahau kwamba kuliwaka moto. Hasira zangu mimi huja polepole na huchelewa kuondoka. Alidhani nitarudi kabla eda haijakwisha. Eda ikaisha, nami nikabaki pale pale na vitumbua vyangu, nikiwauzia makuli kila alfajiri wakielekea bandarini.

Baba alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo walii wangu alikuwa kaka yangu mkubwa. Alikuwa tarishi katika ofisi moja mjini, mtu wa kanzu safi na kofia iliyokaa sawa, na nasema kweli hakuwa mtu mbaya. Ugonjwa wake ulikuwa maneno ya watu. Mtu akikohoa msikitini, kaka alidhani amekohoa kwa ajili yangu.

"Mwanamke hakai peke yake mjini, wewe," aliniambia. "Mwenzio anataka ndoa irudi. Kila siku ananiletea watu, mie naona haya."

"Sitakaa peke yangu mjini, kaka. Nakwenda Temeke, najenga."

Alicheka mpaka kofia ikamlalia sikioni. Alipoona mimi sicheki, akaikalisha sawa, akasema maneno ambayo nimeyabeba maisha yangu yote. "Haya, jenga. Nyumba ikisimama, sikusemeshi tena habari za mume mpaka nakufa. Ikianguka, unarudi kwa mwenzio, na ndoa naifungisha mie mwenyewe."

Nikamwambia nimekubali. Sikujua nimekubali nini, lakini hata ningejua ningekubali.

Kiwanja changu kilikuwa kando ya barabara iendayo kusini, na juu yake kilikuwa tambarare kama sinia. Ungemwaga maji, yangesimama yakufikirie. Upande wa kulia, ng'ambo ya shamba la mihogo, kulikuwa na bonde la mpunga, lakini lilikuwa mbali kidogo na hakuna aliyelihesabu. Nilimtafuta fundi, nikampata mzee mmoja wa Kirufiji, mrefu, mwenye mikono iliyompita magoti. Alinyoosha kamba, akapiga vigingi, akaanza kuchimba mashimo ya nguzo.

Sheria yake ilikuwa moja. Shimo la nguzo ni mpaka kwapa. Alikuwa akilegeza udongo kwa mtaimbo, kisha analala chini, shavu limegusa ardhi, anachota kwa kifuu cha nazi, anachota tena, mpaka bega lake linaziba mdomo wa shimo. Hapo husema "kwapa", anainuka na kuhamia shimo la pili.

"Kiwiko ni cha banda la kuku," aliniambia. "Nyumba ya mtu ni kwapa, binti. Ndivyo tulivyofundishwa."

Mashimo yote yalipimwa kwa mkono ule ule, basi yote yalikuwa sawasawa. Upande wa kushoto kifuu kilitoka na mabonge mekundu yanayonata, upande wa kulia kikatoka na mchanga mweupe mkavu. Mzee aliona, nami niliona. Alisema udongo wa Temeke una rangi nyingi, akaendelea na kazi, na mimi nikaenda kumpikia uji. Nilikuwa na furaha mno hata kuuliza swali sikuweza.

Nyumba ilikuwa kama nyumba zetu zote za mtaani. Ukumbi katikati kama njia, vyumba kushoto, vyumba kulia, uani nyuma, baraza mbele. Nguzo na boriti za mikoko, fito, kamba, na juu makuti. Siku ya kukandika walikuja watu wa mtaa mzima. Wanawake waliteka maji na kukanyaga udongo, wakaimba nyimbo za kuwasema waume zao kwa mafumbo, na waume zao walikuwa pale pale wakipiga udongo kwenye fito na kujifanya hawasikii. Nilipohamia, nililala chumba cha mbele kushoto, nikanusa udongo mbichi, nikalia kidogo kwa furaha. Kilikuwa kiambaza changu. Hakuna mtu angenifukuza kwa chai iliyopoa.

Kisha wakaanza kupanua barabara.

Malori ya kokoto yalipita tangu asubuhi, yakienda yamejaa na kurudi matupu. Nyuma yao, huko mbali upande wa mjini, likaanza kuja gari la kushindilia, chuma kitupu, gurudumu lake la mbele pana kama mlango. Watoto waliliita Shindilia. Lilitambaa polepole, siku kwa siku likisogea kwetu, na kabla hujaliona ulilisikia miguuni. Lakini nyumba yangu haikulingoja. Malori peke yake yalitosha. Kwanza niliona mpasuko mwembamba kama unywele juu ya mlango wa mbele. Nikaukandika. Kesho yake ukarudi, nao ulikuwa umetema udongo wangu chini kama mtoto anavyotema dawa. Mwezi haukuisha, unywele ukawa ufa, ukapanda juu, ukashuka upande wa uani, na boriti zilizovuka ukumbi zikaanza kulia kila lori lilipopita.

Hapo kila mtu akawa fundi. Jirani mmoja alisema sikumtolea kafara jini wa kiwanja. Nilitoa, kuku mwekundu, na mchuzi wake yeye mwenyewe alikula. Mwingine akasema mtalaka wangu amefukia kitu kizingitini. Nikachimba kizingiti mbele yake, tukatoa kijiko cha bati na mfupa wa samaki, akasema ndivyo hivyo. Wanaume wa barazani hawakuhangaika na jini wala kijiko. Wao walisema tu, "Nyumba ya mwanamke," wakatikisa vichwa, wakarudi kwenye bao lao. Hao ndio walioniudhi zaidi. Mwenye kusema jini angalau ametafuta sababu.

Wa mwisho kuja alikuwa Bwana Afya. Mzungu yule alikuwa akizunguka mitaa yetu na kaptura na soksi ndefu, akichungulia mitungi kama ina viluwiluwi vya mbu. Kwangu mtungi ulikuwa safi. Basi akainua macho, akauona ufa, akachomeka ncha ya bakora yake. Bakora ikaingia.

"Nyumba hii itaua watu," alisema.

"Watu gani? Niko peke yangu."

"Itaua wewe." Akamwita msaidizi wake aliyebeba kopo la rangi, naye akapiga msalaba mwekundu kwenye kiambaza kando ya mlango, rangi ikachuruzika mpaka barazani. "Shindilia likifika mbele ya mlango wako, mimi nitakuwa hapa. Ufa ukiwapo, wanavunja siku hiyo hiyo. Na choo chako kifupi, chimba kingine kirefu."

Niliona uchungu hadi masikio yakapiga kelele. Mtu anataka kuvunja nyumba yangu, na papo hapo ananiamuru nichimbe choo cha nyumba hiyo hiyo.

Habari za msalaba mwekundu zilifika mjini kabla rangi haijakauka. Kaka alikuja Ijumaa baada ya sala. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku macho yake yako kwenye ufa. Hakunicheka safari hii, na nafikiri ingekuwa afadhali angenicheka.

"Mdogo wangu, neno ni neno," alisema kwa upole. "Siku hiyo ya Shindilia nitakuja na mkokoteni. Utatia kitanda chako na masufuria yako, nitakupeleka kwa mwenzio, tumalize jambo hili. Ameahidi hatasema tena habari ya chai."

"Na mkokoteni ukirudi mtupu?"

"Usirudi mtupu vipi? Huoni ule ufa?"

Niliuona. Alipoondoka nilikaa chini ukumbini, mgongo kwenye kiambaza, nikaogopa kweli. Nilijiona nikiingia tena mlango ule, nikipanga vikombe, nikisikiliza hatua zake ili nijue leo kibiriti kimekaa upande gani. Nikasema sirudi. Nikasema kwa sauti, na boriti juu yangu ikalia kwa sababu lori lilikuwa linapita.

Jambo lenyewe nililijua kwa vitumbua. Nilikuwa na desturi ya kukoroga rojo na kuligawa katika mabakuli mawili makubwa ya bati, moja nikaliweka chumba cha kushoto na jingine chumba cha kulia, ili paka akipata moja asipate yote. Asubuhi moja nilikuwa nimechutama ukumbini napepeta mchele, milango ya vyumba vyote viwili iko wazi, lori likapita. Nikatazama kushoto. Rojo lilijikunja vikunjo vidogo vidogo vya haraka, na lori lilipopita likatulia. Nikatazama kulia. Rojo la huko lilikuwa linakwenda na kurudi, zito, taratibu, linalamba ukingo wa huku, linarudi kulamba ukingo wa kule. Lori lilikuwa limeshafika kwenye mikorosho, nalo bado linakwenda na kurudi.

Nikauacha ungo. Nikangoja lori jingine, ikawa vile vile. Nikabadilisha mabakuli, la kushoto nikalipeleka kulia, na lori la tatu likanijibu kama la kwanza. Basi halikuwa rojo, wala bakuli. Ulikuwa upande. Nyumba moja, paa moja, lori moja, na vyumba vya kushoto vilitetemeka kwa haraka na kuacha, vya kulia viliyumba polepole na havikutaka kuacha. Na palipokutana hao wawili, pale pale katikati, ndipo palipopasuka. Niliona wazi kabisa nini kinatokea, ila sikujua kwa nini.

Jibu la kwa nini nililipata kwenye shimo la choo. Wachimbaji walipofika chini ya kimo cha mtu nilikwenda kuchungulia, nikaona ukuta wa shimo ulivyo. Juu mchanga mweupe, chini udongo wa mfinyanzi, mwekundu, unang'aa palipopita chepe. Hilo kila mtu wa Temeke analijua. Lakini mstari uliovitenganisha haukulala sawa. Ulikuwa umeinama kama paa, unashuka kutoka kushoto kwenda kulia, kuelekea kule bondeni. Juu ya ardhi nilikuwa na sinia, chini ya sinia nilikuwa na mteremko.

Nikawaacha wachimbaji na maswali yao, nikachukua mtaimbo na kifuu, nikaenda kwenye kiambaza cha nyuma. Nikachimba kando ya nguzo ya kwanza kushoto, nikalala chini kama alivyolala mzee. Udongo wa mfinyanzi uligusa vidole kabla mchanga haujafika kiwiko. Nguzo ya katikati, mfinyanzi uligusa vidole mchanga ulipofika kwapa. Nguzo ya kulia kabisa nilitia mkono wote, bega likaziba shimo, nikanyoosha vidole mpaka vikauma, na huko chini ulikuwa mchanga, mchanga mtupu, wa baridi. Nilibaki nimelala pale na shavu langu chini. Majirani waliokuwa wakinitazama juu ya ua walidhani nimezimia, nami nilikuwa nacheka.

Nikamtuma mtu amwite fundi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Nimesikia. Lakini nguzo zako zote nimezichimbia mpaka kwapa, na nyumba nilizojenga Rufiji hazina idadi."

"Zote ni kwapa, mzee, sikatai. Hebu lala hapa utie mkono, halafu ulale pale."

Hakupenda. Mtu mzima kuitwa kukaguliwa na mwanamke, tena mbele ya majirani, si jambo dogo. Lakini alilala, kushoto kisha kulia, na alipoinuka mara ya pili alikuwa na mchanga shavuni na hakuufuta.

"Kwetu Rufiji," alisema, "mto huleta udongo kila mwaka ukaupanga sawa. Ukichimba mlangoni umechimba mpaka uani. Kwapa moja inatosha kijiji kizima." Akatazama bondeni. "Hapa hakuna mto uliopanga kitu."

Hilo ndilo lilikuwa kosa letu, yeye na mimi na wote waliotoka kusini wakajenga Temeke kwa mikono ya kwao. Tulipima shimo kwa mkono wa mchimbaji, si kwa ardhi. Nguzo za kushoto zilikuwa zimeumwa na mfinyanzi mgumu, haziendi popote. Nguzo za kulia zilikuwa zimesimama mchangani, na mchanga ukitikiswa unakwenda nazo. Halafu juu tukazifunga pamoja kwa boriti na kamba, tukataka zicheze ngoma moja.

Tulijaribu kwanza njia ya akili ya kawaida, kuzishusha nguzo za kulia mpaka zifike mfinyanzi. Haikuwezekana. Kila tulipochota, mchanga ulirudi kutoka pembeni, na chini zaidi tukakuta maji, maana mvua ikinywewa na mchanga huteleza juu ya mfinyanzi kama juu ya bati na kukusanyika upande wa chini. Nguzo moja ikalegea, paa likashuka kiganja kizima, mzee akapiga kelele tuache. Tukaegemeza boriti, tukakaa barazani wote wawili tukiwa tumelowa jasho na tope. Huku Shindilia lilikuwa limekwisha kuvuka mikorosho.

"Hawa hawakai pamoja," mzee alisema, akitazama ufa. "Mmoja wa haraka, mwingine wa polepole. Mmoja anamaliza, mwenzie ndiyo kwanza anaanza. Ukiwafunga kamba watararuana."

Niliyajua maneno hayo. Nilikuwa nimelala nayo kitanda kimoja miaka.

"Basi tuwape talaka," nikasema.

Alinitazama kuona kama nimechoka akili. "Nyumba?"

"Nyumba. Kila mmoja asimame kwake na atetemeke anavyotaka. Kata hapa katikati. Kata boriti za ukumbini, kata juu ya mlango, kata na uani."

"Nikate kazi yangu mwenyewe?"

"Mzee, imeshakatika. Sie tunainyoosha tu."

Alikata. Nitamshukuru mpaka kaburini, kwa sababu kila fundo alilifunga yeye na kila fundo alilifungua yeye, na msumeno ulipomaliza boriti ya kwanza alisema "astaghfirullah" kama aliyemchinja mnyama wa mtu. Tuliongeza safu ya nguzo upande wa kulia wa ukumbi ili vyumba vya huko visimame bila kumwegemea mtu. Fremu ya mlango tukaifunga upande wa kushoto peke yake. Makuti ya juu ya ukumbi tuliyafunga kushoto, na kulia tukayalaza tu, yakapanda juu ya mengine bila kamba, yaweze kuteleza. Katikati, kiambaza cha mbele na cha nyuma, tuliacha nafasi ya kupitisha ngumi, wima, toka chini mpaka juu. Ukisimama barabarani uliona mwanga wa uani kupitia nyumba yangu.

Mtaa mzima ulipita kutazama. Wakaipa jina, Nyumba ya Talaka. Shoga zangu waliuliza eda yake inakwisha lini. Wale wa barazani walisema sasa nimewarahisishia wavunjaji, nusu kazi nimewafanyia. Niliwajibu wote, na maneno mengine siwezi kuyaandika hapa. Lakini mchana nikiwa peke yangu nilikaa na bakuli la rojo huku na bakuli huku, nikahesabu malori, nikatazama udongo kama utadondoka. Haukudondoka. Lakini malori si Shindilia, na hilo sikuwa na namna ya kulipima kabla ya siku yake.

Siku yenyewe kaka alitangulia. Alikuja na mkokoteni aliouazima Kariakoo, kausukuma mwenyewe njia nzima na kanzu yake nyeupe, akausimamisha mbele ya baraza. Ndani ya mkokoteni aliweka kamba ya kufungia kitanda. Nilimwamkia. Niliiona ile kamba, nikaipa mgongo. Bwana Afya akafika na msaidizi wake na wavunjaji wawili wenye mitaimbo, akatazama ile nafasi katikati ya nyumba, akasimama kabisa.

"Ufa umekuwa mkubwa," alisema.

"Huo si ufa, bwana. Ufa unajipasua wenyewe. Huu nimeukata mie."

"Kwa nini mtu akate nyumba yake?"

"Ngoja gari lako lipite, utaona. Lakini usisimame barabarani. Njoo usimame ndani, na wewe kaka njoo. Kama inaua, ituue sote."

Nilidhani atakataa. Akavua kofia, akainama, akaingia. Sijui kama ni ushujaa au ni aibu ya kumwogopa mwanamke mbele ya wavunjaji. Kaka aliingia nyuma yake akisoma dua. Nikawasimamisha ukumbini, mimi nikasimama katikati yao, na Shindilia likaja.

Kwanza lilikuja miguuni. Kisha masufuria ya chumba cha kushoto yakaanza kugongana, haraka haraka, kama meno ya mtu mwenye homa. Kisha upande wa kulia ukaamka. Niliona kiambaza kizima kikiondoka na kurudi, taratibu, na ile nafasi katikati ikapanuka, ikafinyika, ikapanuka. Makuti yaliteleza juu yetu yakinong'ona. Kaka alinyoosha mkono bila kujua, akaingiza vidole kwenye nafasi, akavitoa upesi, kisha akavirudisha, kiganja kimoja huku na kimoja huku, akasimama hivyo kama mtu aliyeshikwa na pande mbili za jambo. Gurudumu lilikuwa mbele ya mlango kabisa, mwanga wa nje ulizibika, nami nilikuwa nimefumba macho. Sina haya kusema hivyo. Nilifumba macho nikangoja udongo unidondokee kichwani.

Masufuria yakanyamaza. Upande wa kulia ukaendelea kidogo peke yake, kama kawaida yake, ukatulia. Nilifumbua macho, nikatazama chini. Sakafu ilikuwa vile vile nilivyoifagia asubuhi.

Bwana Afya alizunguka vyumba vyote, akagonga kila kiambaza kwa bakora, akatafuta mahali pa kuichomeka, hakupata. Wavunjaji walimuuliza waanze wapi. Alivaa kofia yake.

"Iacheni," alisema. "Itaanguka yenyewe siku nyingine."

Hakuniomba radhi, wala sikuingoja radhi yake. Aliondoka kufuata Shindilia, akaniachia msalaba wake mwekundu ukutani. Kuhusu siku nyingine alikuwa na haki ya kusema lolote, maana zimekuja nyingi. Yeye na serikali yake wameshaondoka nchini, nami naandika haya nikiwa katika chumba cha mbele kushoto.

Kaka alibaki amesimama ukumbini, bado anatazama viganja vyake.

"Hazigusani," alisema.

"Hazigusani."

"Na hazianguki." Alitoka nje, akautazama mkokoteni, akaitazama kamba, akaangalia mtaa mzima uliokuwa umejaa kutazama. Nilimwona anavyohesabu maneno yatakayosemwa msikitini. "Sasa yule bwana nikamwambie nini, mdogo wangu?"

"Mwambie yeye akae upande wake, mie nakaa upande wangu."

Nilikwenda zangu kushika ndoo, kwa sababu kuna viambaza vilikuwa havijakandikwa pale tulipokata, na udongo mwekundu wa kukandikia ulikuwa umebaki kwenye lile shimo la choo nililoamriwa. Niliporudi uani nilimkuta kaka kakunja kanzu kaifunga kiunoni, mkokoteni kaupitisha kando ya nyumba, na anaujaza udongo kwa chepe. Aliusukuma mpaka mbele, akamwaga, akavua viatu, akakanyaga tope mbele ya wale watu wote, kanzu yake ikaharibika. Kisha akachota bonge la kwanza kwa mikono miwili na kulipiga ukutani, juu kabisa ya ule msalaba.